Madereva wa Malori na Sisi Tulio Mezani

Katika mkutano uliopita wa tawi letu lilizuka neno ambalo halikumalizika, nasi twaona yafaa liletwe humu ili wanachama wa matawi mengine nao walifikiri. Mwenzetu mmoja, karani wa siku nyingi na mtu tunayemheshimu, alisimama akasema kwamba madereva wa malori yaendayo Zambia na Kongo wamezidi kukusanyika mbele ya ofisi za mpakani. Kwamba hukaa makundi makundi chini ya miti, huchangishana fedha, hupika chai na huzungumza kwa sauti kubwa. Na kwamba ingekuwa vyema ofisi zikatoa amri ya kuwatawanya, kila mtu akae ndani ya gari lake hata aitwe jina. Wako waliopiga makofi. Saa zilikuwa zimekwisha, mwenyekiti akafunga mkutano, na jibu letu halikupata nafasi.

Twakiri kwamba maneno ya mwenzetu hayakutoka katika uovu. Mtu aliyekaa dirishani tangu saa mbili ya asubuhi, akapokea makaratasi ya magari yasiyohesabika, akasikia makelele nje bila kukoma, hana budi kutamani utulivu. Walakini amri huandikwa kwa nusu saa ikaumiza watu kwa miaka, na katika kituo kimoja tukijuacho benchi zilizokuwa chini ya miti zimekwisha ondolewa hata kabla ya shauri hili kuzungumzwa na mtu ye yote. Basi kabla vituo vingine havijafuata, tungependa wanachama wajue kinachotaka kutawanywa ni kitu gani.

Kutoka Dar es Salaam hata Tunduma ni mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Dereva hupita mizani ya Vigwaza, ya Mikese, ya Mikumi, ya Wenda, ya Makambako na ya Mpemba, na katika kila moja hujipanga, hungoja, hupimwa, huonyesha karatasi, huondoka. Gari lake pamoja na mzigo laweza kufika tani 56, ndio mwisho unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hukata hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, ambamo tembo na twiga ndio wenyeji na yeye ndiye mgeni. Hupanda Kitonga, mahali ambapo ukuta wa mlima u upande mmoja na korongo upande wa pili. Kisha hukutwa na baridi ya Makambako iliyo kali hata mtu wa pwani hujifunga shuka juu ya koti. Na akifika Tunduma safari ndiyo kwanza yaanza, kwa kuwa mzigo ni wa Lusaka, au Ndola, au Lubumbashi. Katika mwendo huo wote yu peke yake na utingo wake. Hana karani mkuu wa kumwuliza neno asilolijua, wala jirani wa meza wa kumwazima kalamu.

Ndiyo maana madereva wamejifanyia lugha yao. Aliye mbele akiwasha taa ya kulia na hali hakati kona, amwambia aliye nyuma: usinipite, naona kitu. Akiwasha ya kushoto: pita, njia nyeupe. Wakikutana usiku mahali pembamba, kila mmoja huwasha taa ya ubavu wa kulia ili mwenziwe ajue gari laishia hapa. Lori likiharibika juu ya kilima au penye kona, utingo hukata matawi ya miti akayapanga barabarani nyuma na mbele, hatua nyingi, na mtu aonaye tawi la kwanza hukanyaga breki bila kuuliza. Sheria yataka alama ya pembe tatu yenye kung’aa. Alama ile ni njema, ila huibwa usiku; tawi haliibwi.

Mambo haya hayakufundishwa darasani. Mzee mmoja tulimsikia akimwambia kijana aliyekuwa akipanda kwenye usukani kwa safari yake ya kwanza, “Mwanangu, gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Breki ni ya kusimamia, si ya kushukia.” Kijana akajibu, “Nimesikia, mzee.” Yote hayakuchukua dakika moja, na mtu apitaye asingedhani kwamba hapo palikuwa na somo. Lakini lori lenye mzigo likishuka Kitonga kwa kutegemea breki tupu, breki hupata moto, hukataa kushika, na yaliyobaki huandikwa na polisi. Somo lile hupatikana wapi, kama si katika makundi hayo tunayotaka kuyatawanya?

Sasa tuje chini ya mti wenyewe. Karani aliye dirishani huona vichwa vingi na husikia kicheko. Akitoka akakaa nao robo saa ataona kwamba kuna mtu mmoja, aghalabu wa makamo, mwenye daftari. Si mwenyekiti kwa cheo, maana hakuchaguliwa kwa kura; ni mtu ambaye wenziwe wamemwamini kwa fedha mara moja, mara mbili, wakaona hapotezi. Katika daftari yake mna majina na michango. Huyu gari lake limekatika ekseli mbali na miji, na tajiri wake hapokei simu kwa siku tatu, basi amechangiwa chakula na maji, na lori liendalo upande ule limempelekea. Huyu mkewe amejifungua kwa kupasuliwa. Huyu mwingine amefiwa na mama naye yu Kasumbalesa katika foleni, hawezi kurudi na hawezi kwenda, basi wenzake walio Tanzania wamekwenda matangani kwa niaba yake na rambirambi mkononi. Siku hizi mti umeingia katika simu vilevile: kundi lina watu mia na zaidi, na ujumbe hupita kwa nukta chache kwamba Kitonga imefungwa, lori limelala, wajao wangoje Ruaha Mbuyuni. Serikali ingetaka kupeleka habari hiyo kwa mikono yake, ingefika kesho.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya mauti. Mwanachama wa chama chetu akifa kazini, ofisi hutoa gari, hutoa sanda na jeneza, hutuma mwakilishi, na baada ya muda kiinua mgongo chake huwafikia wanawe, polepole kama tujuavyo, ila hufika. Dereva akifa Lubumbashi kwa ugonjwa au kwa ajali, mwili wake u katika nchi ya lugha nyingine na sheria nyingine. Yatakiwa cheti cha kifo, kibali cha kusafirisha maiti, karatasi za kuvuka mpaka wa Kongo na Zambia, kisha wa Zambia na Tanzania. Wako matajiri wema walipao yote bila kuombwa, nasi twawashukuru. Wako pia wanaouliza kwanza habari za mzigo. Hapo ndipo daftari lile hufunguliwa. Mmoja akaa hospitali na maiti, wa pili akimbilia vibali, wa tatu apiga simu kijijini kutafuta nani ndugu mkubwa, na wengine kila mtu kwa kadiri yake watoa fedha walizopewa kwa kula njiani. Maiti yafika nyumbani. Wafiwa huwaona watu sita au saba wasiowajua, wenye nguo za vumbi, wakishika majembe kaburini, kisha wakaondoka kabla ya matanga kuvunjwa kwa kuwa magari yao yamesimama barabarani.

Wazee wetu wangeyaona haya wasingestaajabu. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya bara ilichukuliwa na wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wakiwa wengi wao, kutoka Tabora na Ujiji hata Bagamoyo, mwendo wa miezi. Msafara ulikuwa na kirangozi wake aliyetangulia mbele, na kambi zake, na kanuni zake. Mpagazi aliyefia Uzigua au Uzaramo alikuwa mbali na ukoo wake kama dereva wa leo alivyo mbali akifia Kongo. Ndipo utani ulipofanya kazi yake. Kwa mtani kulikuwa na mzaha na matusi yasiyochukiza, watu wakacheka. Ila utani haukuwa mzaha tu, kwa kuwa mtani ndiye aliyepaswa kumsaidia mgeni katika mazishi, na hakuweza kukataa. Watafiti wengi wameandika kwamba utani wa makabila ya bara na ya pwani ulipata nguvu katika njia hizo za misafara. Leo msikie Mnyamwezi na Mzaramo wakitukanana kwa furaha mbele ya dirisha la forodha. Karani mgeni hudhani wanagombana akataka kumwita askari. Kumbe mmoja wao juzi alilala chini ya gari la mwenziwe akimsaidia kufungua gurudumu katika mvua.

Twapenda tena kuwakumbusha wanachama jambo lituhusulo sisi. Mwaka 1922 makarani na walimu Waafrika wa Serikali walianzisha chama chao mjini Tanga, marehemu Martin Kayamba akiwa miongoni mwa walioongoza, wapate kusoma pamoja, kucheza mpira pamoja na kusema neno moja mbele ya wakubwa. Wakati ule haikuwa jambo dogo kwa Waafrika kutengeneza chama. Sisi tunaoandika gazeti hili leo tu watoto wa ujasiri ule. Na madereva nao hawakuchelewa. Mjini Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1930, James Kivu na wenziwe walianzisha chama cha madereva, kimoja katika vyama vya kwanza vya wafanyakazi Waafrika nchini Uganda; na ghasia za mwaka 1945 zilipotokea, Serikali ya kikoloni ilimhesabu Kivu miongoni mwa watu wa kulaumiwa. Basi si sawa mtu aliyesoma habari za Tanga akaona fahari, kisha akaona chama cha dereva ni uhuni.

Wakati wa vita vya 1939 hata 1945 vijana wengi wa Afrika ya Mashariki walifundishwa udereva jeshini, wakaendesha malori Uhabeshi na Burma, na waliporudi wengi wao ndio waliokuwa walimu wa udereva kwa nchi zetu. Kisha ikaja kazi kubwa kupita zote. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko, ikajikuta imefungiwa mlango. Mapipa ya mafuta yakapakiwa malorini Dar es Salaam, shaba ikarudi katika malori hayo hayo, katika barabara iliyokuwa ya udongo kwa sehemu kubwa, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, hata watu wakaiita barabara ya jehanamu. Bomba la mafuta hata Ndola lilianza kazi mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976. Lakini katika miaka ile ya kwanza taifa jirani lilishika pumzi kwa mikono ya madereva. Malori mengi yalipinduka, na mtu aliyepinduka hakuwa na wa kumtazamia ila dereva ajaye nyuma. Desturi ya kusimama, yaani kwamba hupiti mwenzio aliyeharibikiwa bila kumwuliza amepungukiwa na nini, sisi twaamini ilikomaa katika tope lile.

Na mambo ya juzi je? Mwezi wa Septemba 2016 madereva wa malori, wengi wao Watanzania, walitekwa na watu wenye silaha katika sehemu za Namoya, mashariki ya Kongo, malori kadhaa yakachomwa moto, na jeshi la Kongo likawaokoa baadaye. Jambo la namna hiyo ndilo linalowafanya madereva wangojane na kusafiri kwa msafara, nasi tulio mezani huwauliza kwa hasira, “Mbona hamwendi, karatasi zenu ziko tayari tangu asubuhi?”

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wengi walijifungia majumbani na madereva wakaambiwa waendelee, maana nchi haziwezi kukaa bila dawa, mafuta wala chakula. Mwezi wa Mei mwaka ule Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa. Tarehe 16 mwezi huo huo Kenya iliufunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa magari ya mizigo ambayo madereva wake wamepimwa. Ikawa dereva ndiye mtu pekee aliyevuka, na kwa kuwa alivuka akaogopwa kama yeye ndiye ugonjwa. Palikuwa na mahali alipokataliwa chakula na kitanda, kama vile katika miaka ya 1980 na 1990 alivyonyooshewa kidole kwa habari za UKIMWI. Wakati huo nani alimpikia? Dereva mwenziwe, kwa jiko la mafuta ya taa, kando ya gurudumu. Na mwezi wa Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapimwe Malaba na Busia kwa kulipa, walikataa kwa umoja, foleni ikafika kilomita nyingi ndani ya Kenya, na bei ya petroli katika Uganda ikapanda vibaya. Hatusemi kwamba kugoma ni kuzuri. Twasema kwamba katika siku zile wakubwa waligundua ghafla kuwa madereva wana wazee wao, wakawatafuta wazungumze nao. Ingekuwa nafuu kuwatambua kabla ya foleni.

Hata hivyo hatuandiki haya ili kuwapamba madereva. Umoja wao una kasoro zake, na zingine ni mbaya. Taa zile zile zinazoonya kwamba mbele kuna lori limelala huonya pia kwamba mbele kuna trafiki, na mwendesha kwa fujo hupunguza mwendo kwa kilomita mbili, akaonekana mtakatifu, kisha akaendelea na fujo yake. Hilo si udugu. Ni kumsindikiza mwenzio kaburini, na pengine pamoja naye basi zima la abiria. Tena kuna kuficha. Dereva aliyelewa, au anayetafuna mirungi ili asilale usiku wa tatu, wenziwe wamjua kwa jina, wala hawamwambii tajiri, wala hawamnyang’anyi ufunguo, kwa hofu ya kuitwa wasaliti. Kuna na wizi wa mafuta: kidumu kimoja hapa, kidumu kimoja pale, na mnunuzi ajulikanaye na kundi lote. Tumewauliza wazee wao juu ya haya, nao hawakukana. Mmoja alitujibu, “Bwana karani, mshahara ungefika kwa tarehe yake, mimi ningekuwa polisi wa kwanza.” Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Mshahara wa makarani nao huchelewa mara nyingine, na hatuuzi meza.

Walakini angalieni tena upande wa pili. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Nchi nzima ililia. Tangu siku ile twasikia kwamba dereva akifika penye tangi lililopinduka, kazi yake ya kwanza baada ya kumtoa mwenziwe ni kuwafukuza watu wenye madumu, na mara nyingi hutukanwa kwa hilo, ati awanyima riziki. Umoja unaoweza kufanya hivyo waweza pia kumnyang’anya mlevi ufunguo, ukipewa heshima kidogo na wajibu kidogo. Mtu asiyetambuliwa na ye yote hana wa kumwona haya.

Turudi basi katika ofisi zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mkataba wa mtu atakayefanya kazi nje ya nchi uwe kwa maandishi. Dereva wa Zambia na Kongo ndiye huyo hasa. Lakini wangapi wanayo karatasi? Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma, wakagoma tena mwezi wa Mei, na mikataba ya kazi ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Habari zao zilijaa magazetini kwa kuwa abiria walikwama vituoni na kila mtu alikuwa na shangazi aliyelala stendi. Lori halina abiria. Mfuko wa saruji ukichelewa haupigi kelele. Kwa hiyo dereva wa lori hana mtetezi ila kundi lake, na sisi tulio mezani ndio watu wa Serikali tunaoonana naye mara nyingi kuliko wengine wote, kuliko hata mkaguzi wa kazi ambaye pengine hajamwona kabisa.

Tunalotaka si kubwa, wala halihitaji fedha ya bajeti. Miti iachwe, na benchi zilizoondolewa zirudishwe. Ikiwa makelele yanazuia kazi, karani mkuu na amwite yule mwenye daftari, amwambie kwa adabu, naye atawanyamazisha upesi kuliko askari. Sisi tumeliona jambo hilo likifanyika. Mambo ya foleni yakibadilika, kwa mfano mtandao wa forodha ukisimama, jambo litokealo tusipolitazamia, asibandike tangazo tu mlangoni kwa lugha ambayo nusu yao hawaisomi vyema, bali atoke awaeleze wazee wawili au watatu kwa Kiswahili, na baada ya dakika kumi habari itakuwa imefika gari la mwisho. Katika Tunduma na Nakonde, ambako tangu mwaka 2019 maofisa wa nchi mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja, hapana sababu kabisa ya dereva kuulizwa jambo moja mara mbili na kujibiwa namna mbili.

Mwenzetu wa mkutanoni aweza kusema kwamba kazi ya karani ni karatasi, si malezi ya madereva. Vyema. Basi na tuseme juu ya karatasi, na hapo tuna shauri moja ambalo ni la kikarani kabisa.

Katika makundi yote tuliyoyasifu hapo juu, kuna mtu mmoja ambaye mara nyingi jina lake halimo katika daftari. Ni utingo. Yeye ndiye afungaye turubai, akataye matawi, alalaye chini ya trela usiku kulinda matairi, achemshaye maji, na ashukaye wa kwanza kuweka kigingi gari linaporudi nyuma mlimani. Hutoa mchango akiwa nacho, lakini huhesabiwa ndani ya jina la dereva wake, kana kwamba ni spea ya gari. Tajiri aghalabu hamjui, kwa kuwa aliajiriwa na dereva kwa maneno ya mdomo. Gari likipinduka, gazeti huandika jina la dereva, “na utingo wake.” Huko Kongo wako waliozikwa hivyo, na mama zao wangali wakiulizia kwa kila lori lisimamalo kijijini. Madereva wenyewe tumewaambia hili ni aibu yao, na baadhi yao wameanza kuwaandika.

Sisi tunayo karatasi ambayo lori lolote haliwezi kuvuka bila kupita mikononi mwetu. Pamoja na namba ya gari, namba ya trela na jina la dereva, tungeomba kila karani wa kituo cha mpakani aandike jina la utingo, lake na la baba yake, kijiji chake na wilaya yake, na namba ya simu ya mtu mmoja wa nyumbani. Mstari mmoja watosha. Ikiwa fomu haina nafasi, ukingoni mwa karatasi nafasi ipo, nasi tumepima: jina refu kabisa tulilolikuta lilienea kwa kalamu ya kawaida, bila kufinyanga herufi.